Orina na Fainali Iliyoangukia Sabato

Niliyoyaona nitayasema kama nilivyoyaona. Ambayo sikuyaona nimeyapanga vizuri, na huwezi kuyatofautisha, kwa hiyo usijisumbue.

Nicanor Orina alikuwa na hoteli ya chai Migori, karibu na daraja. Usifikirie ghorofa. Ilikuwa mabati, mabenchi machache na jiko moja lenye hasira. Lakini mwenyewe alivaa nyeupe tupu: suruali nyeupe, shati jeupe, sweta nyeupe, katika mji ambao mvua ikinyesha hata kuku hutembea na viatu vya matope. Mazoea hayo aliyatoa Nairobi. Ujana wake wote alipika chai kwenye klabu moja ya Wahindi waliocheza kriketi, na walipopungukiwa na mtu, walimwita mpishi aje kujaza nafasi. Ndivyo alivyoambukizwa.

Kriketi ni hivi. Vijiti vitatu vimesimamishwa, na mtu anavilinda kwa ubao kama mama anavyolinda omena, dagaa wetu wa ziwani, dhidi ya paka. Mwingine anatoka mbio kutoka mbali, anarusha mpira mgumu ili aviangushe. Yule wa ubao akiupiga, anakimbia kwenda na kurudi, na kila mara inahesabiwa mbio moja. Katikati wote wanaacha, wanakunywa chai. Hapo ndipo nilipoanza kuuheshimu mchezo huo.

Siku moja Orina alikuja Homa Bay akataka kutuonyesha. Alimpa mvuvi mmoja mpira amrushie. Akaugonga. Haki ya Mungu, ule mpira ulivuka maji ukaenda kuanguka kisiwani Takawiri, kuku wa mtu akaulalia mwezi mzima, na alipoona hautoi kifaranga akakataa kutaga tena mpaka leo. Mwenye kuku bado anamtafuta Orina.

Lakini siku hiyo Orina hakuwa anatuonyesha sisi. Alikuwa anamwonyesha Zilpah.

Zilpah aliuza omena sokoni Homa Bay. Mimi nilizichukua kwake nikazipeleka Migori, na kwa kuwa hoteli ya Orina ilikuwa njiani, salamu zao zilipita kwangu. Kuna siku gunia langu lilikuwa na salamu nyingi kuliko omena. Wote wawili walikuwa wamefiwa na wenzi wao zamani, wote Wakisii waliohamia huku kutafuta riziki. Tatizo ni kwamba Orina alikuwa Mkatoliki na Zilpah alikuwa Msabato, tena Msabato wa kumaliza. Jua la Ijumaa likigusa ziwa, hata moto wake ulijua kwamba kazi imekwisha.

Na kulikuwa na jambo lingine, ambalo aliniambia mimi peke yangu tukipepeta omena.

"Mama Maroa, marehemu mume wangu alikuwa mtu mzuri siku mambo yake yakinyooka. Siku yakipinda, vyombo viliruka, na mimi nilikuwa kati ya vyombo. Huyu Orina kila nikimwona anacheka. Nitajuaje akishindwa yuko namna gani?"

"Muulize."

"Kuna mwanamume atakayekujibu hilo?"

Nikaendelea kupepeta. Mimi, ambaye nina jibu la kila kitu!

Kaka yake Ratemo, mzee wa kanisa, yeye alikuwa na jibu. "Mpira ndio mungu wa huyo mtu," alisema. "Kama ana nia na dada yangu, aje Sabato tukae naye tangu asubuhi mpaka jua lizame. Tutaona." Akachagua Sabato yenyewe, mwezi wa nne, mwaka wa tisini na saba.

Nilifikisha ujumbe hotelini. Orina aliusikia, akaweka sufuria ya maziwa chini kama mtu aliyeambiwa msiba.

Timu za nchi zinazochipukia katika kriketi zilikuwa zimekusanyika Malaysia kutafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia. Vijana wetu wa Kenya walikuwa wameshaipata, na sasa walibakiza fainali na Bangladesh. Orina alikuwa ameingojea fainali hiyo maisha yake yote. Nayo ilikuwa Jumamosi ile ile.

"Hawana Jumamosi nyingine hao Wasabato?"

"Wanazo nyingi. Ratemo ameitaka hii."

"Anajua?"

"Ratemo? Hajui tofauti ya kriketi na kichuguu."

Alifuta meza iliyokuwa safi. Akaifuta tena. "Nitaenda," akasema. "Redio nitaibeba, lakini utanikalia nayo wewe. Mbali na mimi, Mama Maroa. Umenisikia? Mbali."

Nilimsikia vizuri sana. Jumamosi asubuhi, yeye alipoingia kanisani, mimi nilikaa na redio nje ya dirisha lake.

Mimi siko kanisa lolote, naendelea na mambo ya wazee wangu wa Kuria, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza nafanya nini pale. Redio niliifunga kwa leso ndani ya kikapu, sauti chini. Mtangazaji aliongea Kiingereza, lugha ambayo haijawahi kunikopesha hata neno moja. Lakini nilisikia "Kenya, Kenya" halafu watu wakipiga kelele, na kelele za furaha hazina lugha. Jirani mmoja akanitafsiria alipopita: Kenya ndiyo inayopiga, tena inapiga vibaya sana, yaani vizuri.

Nikasimama dirishani. Orina aliponiona nikamwinulia vidole vinne, ishara ya mbio nne, halafu nikapiga hewa kwa mkono kama mwenye ubao.

Unajua alifanya nini? Aliinamisha kichwa. Nikahamia dirisha la pili. Akageuza mwili mzima kwenye benchi akatazama ukuta, akaweka kitabu cha nyimbo shavuni kama mtu anayejikinga jua. Nikapunga, nikaruka. Ukuta tu. Masikio yake yalikuwa mekundu, naapa, na yeye ni mweusi kuliko mimi.

Upande wa kina mama, Zilpah aliniona mimi, akamwona yeye. Hakucheka wala hakunikemea. Aliendelea kumtazama yule mzee na ukuta wake.

Baadaye yule jirani akarudi, akanitafsiria kwamba mvua imeharibu mambo kule. Wengine watasema ni hali ya hewa ya Malaysia. Mimi nasema tu kwamba nilimwonea Orina huruma, nikamwambia Mungu wa Zilpah, kama unasikia hata watu wa Kuria, mwaga maji kidogo huko. Akamwaga mpaka ng'ombe wa Malaysia wakaogelea kwenda machungani.

Jua lilipozama tulikuwa uani kwa Zilpah. Orina hakuuliza kitu. Alikaa mikono magotini, akijibu maswali ya Ratemo juu ya Danieli na simba. Zilpah ndiye aliyenigeukia.

"Mama Maroa, Sabato imekwisha. Mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Lile lililokuwa linakurusha dirishani kama panzi."

Basi nikamwambia. Wetu wamepiga, wamepita mia mbili na arobaini. Halafu mvua. Bangladesh watapiga kesho.

"Kesho?" Orina alisimama, akakaa, akasimama. "Fainali haijaisha?"

"Kesho ni siku yako ya misa," Zilpah akamkumbusha.

"Misa ni asubuhi! Mungu ni mwema, ameweka misa asubuhi!"

Jumapili aliporudi kutoka misa alikuta Zilpah ameanika omena kwenye nyavu uani, na redio ameiweka juu ya karai lililofunikwa. Ratemo naye alikuja, ati kuazima jembe.

Orina alitafsiri, Zilpah akawa anageuza samaki na kuuliza. Kwa sababu ya mvua, Bangladesh walikuwa wamepunguziwa muda, na mbio za kutafuta wakapunguziwa pia.

"Nani amepunguza?" Ratemo aliwaka. "Huo ni wizi!"

"Ni sheria, shemeji."

"Shemeji wa nani?"

Kila vijiti vya Bangladesh vilipoanguka, Orina aliruka. Kila walipopiga mbali, alikunja sweta yake tumboni. Mwishowe ukabaki mpira mmoja tu, na mbio moja. Wakiipata, kombe lao. Ratemo alikuwa ameishika redio kwa mikono miwili, jembe amelisahau.

Wakaipata.

Kelele zilizotoka redioni hazikuwa zetu. Mimi nilianza kusogeza sufuria mbali na Orina, polepole kwa mguu, kisha vikombe. Zilpah alisimama katikati ya omena zake, hakusonga mbele wala nyuma, macho kwa Orina.

Orina aliinuka. Machozi yalikuwa yanamtiririka wazi, hakuyaficha. Akainua mikono, akapiga makofi, polepole, kama anayepigia watu walio mbele yake.

"Una kichaa?" Ratemo akamuuliza. "Unampigia nani?"

"Hao. Wamecheza, Ratemo. Mpaka mpira wa mwisho! Sisi pia tumecheza." Akapangusa uso, akatazama nyavu. "Zilpah, huu upande utakauka kupita kiasi. Nikusaidie kugeuza?"

Akapiga magoti na kuanza kugeuza omena, akilia na kugeuza. Zilpah akaja akapiga magoti upande wa pili. Waligeuza mpaka mikono ikakaribiana katikati.

"Jumamosi ijayo utakuja?" Zilpah akauliza.

"Nitakuja."

"Na Jumapili nitakusindikiza misa mpaka mlangoni. Ndani siingii."

"Mlangoni panatosha."

"Mimi bado sijakubali," Ratemo akasema.

"Wewe hujaulizwa," Zilpah akamjibu, na akamsogezea Orina mahali pa kukaa.