Mwizi wa Moto wa Betri Yangu

Haya, kwa kuwa mmenibana nitasema, ingawa aibu yenyewe haijanitoka, maana mpaka leo nikipita nje ya ule msikiti wa Tiwi naharakisha miguu.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, Wazungu wa Diani wanauza vitu vyao warudi kwao, nami nikanunua gari kwa mmoja wao, gari la mtindo mpya, lina alteneta ya kuchaji betri badala ya dainamo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa dhana (nakubali, hata mama akinipa chai naichungulia kwanza) nikaanza kulichunguza. Nikaona kwenye dashibodi kitaa chekundu kinawaka kila nikigeuza ufunguo, na injini hata haijanguruma. Nikasema, kumbe mlaji wa moto ni huyu. Nikakichomoa kiglopu nikakitia mfukoni, nikajiona mjanja kweli kweli.

Basi tangu hapo betri ikawa inakufa. Naipeleka Ukunda kuchajiwa, naendesha kidogo, imekufa. Nikaosha vichwa vya betri kwa maji moto, nikakaza mkanda wa feni, nikamshuku Mzungu, nikamshuku fundi wa Ukunda (huyo simwamini hadi sasa), mpaka jioni moja nikasikia redio ya jirani yangu Mzee Rama inaimba kwa sauti kubwa. Nikajiuliza, redio kubwa vile, na nyumba haina umeme, inakula nini?

Sasa Mzee Rama hakuwa jirani tu. Alikuwa mjomba wa Mwanasha, binti wa Msambweni niliyekuwa nimemposa, nanyi mwajua kwetu Wadigo mjomba akikataa hakuna ndoa. Neno lake nililihitaji kuliko hilo gari. Lakini dhana ikishaingia haitoki: nikafunga uzi mwembamba kwenye boneti, asubuhi nikaukuta mzima, nikasema, mzee huyu hodari, mpaka fundo langu amelifunga upya.

Ikafika Ijumaa ya kumpeleka Msambweni akatoe jibu kwa dada yake, mamake Mwanasha. Tumetoka msikitini, wazee wamesimama wanatuaga, Mzee Rama ameketi mbele na kanzu yake nyeupe, nageuza ufunguo, gari linasema kik, basi. Nageuza tena, kik. Wazee wakatazamana, na mimi badala ya kunyamaza nikasema wote wasikie, "Mjomba, kwa heshima yako, redio yako imeshiba moto wangu jana, ndiyo maana leo hatuendi."

"Moto wako?"

"Wa betri yangu. Jirani mwenye redio ni wewe tu."

Akashuka taratibu, akaingia kwake, hapo jirani na msikiti, akarudi na redio, akaifungua mgongo mbele ya watu, akanionyesha mawe ya tochi, zile betri ndogo ndogo, yamepangwa mle ndani. "Nanunua dukani," akasema. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha akaketi tena garini, akatia kidole kwenye tundu la dashibodi.

"Na hapa palikuwa na nini?"

"Taa, mjomba. Niliitoa, ilikuwa inakula moto."

"Irudishe tuone."

Nikairudisha. Wazee wa watu na kanzu zao wakasukuma, injini ikanguruma, kitaa kikawaka kisha kikazimika chenyewe (baadaye niliambiwa alteneta ile huanza kazi kwa moto mdogo unaopitia kwenye taa hiyo), na njiani gari halikunisumbua tena. Mzee alizungumza habari za mvua na minazi, nami nikadhani yamekwisha.

Tulipofika Msambweni, baada ya salamu na maji ya kunywa, akamwambia dada yake nami nipo, "Kijana ni mchapa kazi, na gari analo. Lakini taa ameishuku, na mimi amenishuku. Kesho sukari ikipungua nyumbani, atamshuku nani?"

Mwanasha alikuwa nyuma ya pazia. Nikamsikia akijibu polepole, "Mimi."

Posa ikaishia hapo. Nilirudi Tiwi peke yangu, betri imejaa moto. Tangu siku ile nimeapa, kitu nisichojua kazi yake sikichomoi, na mtu simsemi mbele ya watu mpaka nimemwona kwa macho yangu. Mke nilikuja kumpata baadaye, alhamdulillahi, na mkebe wa sukari siufunui kabisa.