Dizeli Ilipoadimika, Tukaenda Shule kwa Miguu

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani nasubiri barua ya kazi, na kusubiri sijui. Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa kando ya reli, upande wa Usoke. Shule ilikuwa maili tatu, njia yote pori. Watoto walipelekwa na lori la kijiji, juu ya marobota ya tumbaku, wakafika wanakohoa vumbi na moshi. Halafu dizeli ikaadimika. Lori likabaki kwa tumbaku tu.

Kwenye mkutano nikasimama: watoto waende kwa miguu, wote pamoja, mstari mmoja, mimi nitawaongoza. Miguu hainywi dizeli! Watu wakapiga makofi, nami nikajiona mkubwa.

Mama mmoja hakupiga. Alikuwa Mzaramo, mke wa mfanyakazi wa reli, na binti yake ndiyo kwanza kaanza darasa la kwanza.

"Wewe Mnyamwezi," akasema, "mwanangu akiachwa njiani, namrudisha Pwani kwa bibi yake. Na kule shule hakuna. Basi tena."

Tukacheka wote. Nikamjibu, "Mpeleke tu, akajifunze kukuna nazi!"

Sisi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipobeba mizigo mpaka kwao. Mzaramo akikutukana hununi, unamrudishia. Basi na lile nikaliona utani.

Siku ya kwanza niliweka wenye miguu mirefu mbele, nami mbele yao, maana nilitaka kuiwahi kengele. Tukaiwahi kweli. Nilipohesabu watoto, mmoja hayupo.

Nilirudi mbio. Nikamkuta yule binti amekaa katikati ya njia, ameshika daftari. Halii.

"Nilikuita," akasema. "Nikakuita tena."

Nikambeba mgongoni mpaka kwao. Mama yake alikuwa anapepeta mchele.

"Shikamoo, mama."

Sikuwahi kumwamkia hivyo. Sisi ni kutupiana maneno tu. Hakuitikia. Alimchukua mtoto, akamfuta miguu, akaingia ndani akaanza kukunja nguo zake.

"Nilidhani unatania," nikasema pale mlangoni.

"Mwanangu simfanyii utani. Treni ni keshokutwa."

Mtoto ataacha shule kwa sababu ya haraka zangu! Nikamwomba anipe kesho moja tu, aje atembee na sisi, aone mwenyewe, halafu aamue. Akaendelea kukunja nguo. Lakini asubuhi nikamkuta amesimama njiani, kamshika mtoto mkono.

Siku hiyo nilimweka binti mbele kabisa, na amri ikawa moja: hakuna kumpita. Lo, nilikoma! Akiona konokono, anasimama. Akiona kinyonga, anasimama, na watoto thelathini nyuma yake wanasimama.

"Kaka, hivi tutafika siku ya Idi!" mkubwa mmoja akalalamika.

Nilikuwa nawaza hilohilo, lakini nikamwambia anyamaze. Bila mngurumo wa lori, pori lilisikika lote, njiwa mpaka nyuki. Watoto wakaanza kuimba, na binti akashika hatua ya wimbo. Akaacha konokono wake. Akawa anatembea kweli.

Kengele ilikuwa imeshalia tulipofika. Lakini tulikuwa wote. Binti akaingia darasani bila hata kumuaga mama yake.

Mama akakaa kwenye jiwe, akakung'uta mchanga kwenye viatu.

"Kesho muondoke mapema zaidi," akasema mwishowe. "Yeye abaki hapohapo mbele. Na wewe kaa nyuma kabisa. Una haraka kama mtu aliyebanwa na mkojo."

"Sawa, mama."

Kesho yake tuliondoka jua bado liko chini ya miti. Mimi wa mwisho, nakula vumbi la watoto wote, na mbele kule simwoni hata binti mwenyewe. Nasikia tu wimbo unavyokwenda polepole.