Kikohozi cha Sura ya Tatu

Juzi nilienda steji ya 56 kutafuta bawaba za mlango. Unaijua 56 wewe, pale Kawangware, ukisimama kidogo tu mtu ashakuuliza kama unaenda tao, yaani mjini. Nilikuwa nimeinama kwenye hadiweya nachagua bawaba, nikasikia nyuma ya ukuta wa mabati darasa zima likijibu kwa sauti moja: mhusika mkuu, mhusika mdogo, mhusika bapa. Mwenye duka akaniambia hiyo ni shule, huwa wanapiga kelele hivyo mpaka jioni, nisijali. Kelele hazikunisumbua. Ila hofu yangu ya kidato cha pili ilinirudia, na nikatoka pale bila bawaba.

Acha nikueleze, maana wewe ni wa kwetu, hutanicheka. Kuna watoto waliogopa mbwa, wengine waliogopa majini, wengine chokoraa wa pale dampo. Mimi niliogopa riwaya.

Tulikaa Kongo, huko ndani ya Kawangware, mimi na nyanya yangu, katika chumba kimoja cha mabati kwenye ploti ya watu wengi. Nilimwita dani, kama wanavyoitwa nyanya wa watu wa ziwani. Dani aliuza mgongo wazi. Kama umekula kwa wenye pesa tu, nikuambie: ni ule mfupa mrefu wa samaki mbuta unaobaki baada ya minofu kwenda zake, na kichwa chake juu. Ukikaangwa vizuri unakauka nje, halafu pale shingoni unapata nyama tamu ya kunyonya huku mafuta yakikuteremka mkononi. Jioni dani alikuwa ashawasha jiko mbele ya geti la ploti, na watu wa mjengo, vibarua wa ujenzi, wakitoka kazini walisimama hapo kwanza kabla hawajafika kwao. Kazi yangu ilikuwa kupaka chumvi na kufunga samaki kwa gazeti. Mpaka leo nikisikia mafuta yakirukaruka kwenye karai, naonja chumvi mdomoni.

Shule yetu nayo ilikuwa ya mabati. Mwalimu wa fasihi alitoka Kibera kila asubuhi kwa miguu, alikaa nyuma ya Nyayo Highrise, na viatu vyake vilifika darasani vimebeba matope ya mitaa miwili. Riwaya tuliyosoma ilikuwa ya zamani sana, nakala zenyewe chache, tunaangalia watu watano kwa kitabu kimoja, na majalada yalishang'oka kabla sisi hatujazaliwa. Mwalimu huyo aliamini jambo moja kuliko yote. "Kwenye riwaya hakuna kitu cha bure," alituambia. "Mwandishi akikuonyesha mlango umelegea, jua kuna mtu atauvunja." Aliyasema hayo polepole, akizunguka kati ya madawati, na sisi tukayameza.

Sura ya tatu, shangazi wa mhusika mkuu akakohoa. Mara moja tu, akiwa anapepeta mchele, akasema ni vumbi. Mwalimu akafunga kitabu, akatuangalia. "Huyo amekwisha," akasema. "Mwandishi ashamaliza naye, bado kumzika tu. Hiyo ndiyo inaitwa ishara. Andikeni." Darasa likaangua kicheko. Kijana mmoja wa nyuma akakohoa makusudi, mwenzake akamuuliza, "Msee, matanga ni lini?"

Mimi sikucheka hata kidogo, kwa sababu dani alikuwa akikohoa tangu mvua zianze. "Moshi hauui mpishi," alizoea kusema, na siku zote nilimwamini. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikamtazama akigeuza samaki, moshi ukimpanda usoni, akageuka upande wa ukuta akakohoa ndani ya leso. Kisha akasema ni moshi.

Tangu hapo nikaanza kuisoma nyumba yetu vile tulivyofundishwa kusoma kitabu. Kikombe kikipasuka, nilijiuliza kimepasuka kwa nini. Kunguru akitua juu ya paa la choo, nilimfukuza kwa mawe. Stima ikipotea, na wewe unajua stima ya Kongo ilivyopotea ovyo, nilikaa gizani nikisikiliza kama dani bado anapumua. Siku moja alimpa jirani sufuria yake ya zamani, akasema hana haja nayo. Jirani akashukuru sana. Mimi nikaenda kulia nyuma ya choo, kwa sababu yule shangazi wa kwenye kitabu naye alianza kugawa vyombo vyake katika sura ya tano.

Kwa nini sikumwambia mtu? Ngoja uelewe. Miaka ile ukikohoa sana kwenye ploti watu walikuwa washakupa ugonjwa kabla daktari hajakupima, na ule ugonjwa ulitajwa kwa kunong'ona, watoto wakitolewa nje. Halafu nani atanunua samaki kwa mtu anayekohoa? Dani alilijua hilo. Ndiyo maana aliuma leso wateja wakiwepo, macho yakimtoka machozi, huku akiendelea kurudisha chenji. Alikuwa anaficha, na mimi nilijua anaficha, na nilimsaidia kuficha kwa kuongea kwa sauti kubwa kila alipogeukia ukuta. Tulikuwa watu wawili katika chumba kimoja na kila mmoja alikuwa akiogopa kimyakimya.

Nikatafuta njia ya kumwokoa kwa sheria zilezile. Mwalimu alikuwa amesema mhusika mkuu mara nyingi hufika mwisho, wanaokufa njiani ni hawa wadogo wanaomsukuma mbele. Basi nikajaribu kuthibitisha kwamba dani ni mhusika mkuu. Nilipanga hoja zangu nikiosha vyombo: ametajwa tangu mwanzo, wengine wote wanamzunguka, bila yeye hakuna kisa. Kila nikimaliza nilikwama palepale. Katika nyumba ile aliyekuwa anasoma, anayekua, anayetarajiwa kufika mbali, alikuwa mimi. Mhusika mkuu alikuwa mimi, na dani ndiye wa kunisukuma mbele.

Nilimfuata mwalimu baada ya kipindi. Nikamuuliza kama mwandishi anaweza kubadilisha mawazo baada ya mtu kukohoa. Akasema hapana, kitabu kishachapishwa. Nikamuuliza tena, na sauti ikanitoka vibaya. Akaniangalia vizuri. "Unaniuliza habari za kitabu gani?" Nikamwambia, "Dani."

Jioni hiyo hakurudi Kibera moja kwa moja. Alikuja nami mpaka Kongo, akasimama kwenye jiko kama mteja. Dani alipojua ni mwalimu alipangusa stuli kwa leso, akamchagulia kichwa kikubwa kuliko vyote, na hakutaka kusikia habari za malipo. Mwalimu akala taratibu. Kisha akaniambia nimsimulie dani hadithi tunayosoma shuleni. Nikasimulia habari za shangazi na mchele na kile kikohozi, na jinsi alivyojificha nyuma ya ghala ili watu wasimsikie, kwa sababu alikuwa na harusi ya kupikia na hakutaka wamnyime kazi.

Dani alisikiliza huku akigeuza samaki. Alikuwa mtu wa kutoa hukumu haraka. "Huyo mama ni mjinga," akasema. "Sasa yeye anakohoa, ananyamaza, anafichia nani? Hao watu wa harusi ndio watamlelea watoto akikufa?"

Mwalimu akauliza, "Kwa hivyo mama, yeye angefanya nini?"

"Si aende hospitali! Miguu si anayo?"

Mafuta yalikuwa yakilia kwenye karai. Dani akainua uso, akamtazama mwalimu, akanitazama mimi, na nikaona anaelewa taratibu. Alishika mwiko hewani kwa muda. Nilidhani atatufukuza wote wawili. Kisha akakohoa, na safari hii hakugeukia ukuta.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu mbaya sana." Akamfungia kichwa kingine apeleke nyumbani.

Kesho yake tulienda zahanati. Ilikuwa TB, na muuguzi akasema inatibika, dawa ni bure, ila azimeze kila siku bila kuruka hata moja. Ungedhani hofu yangu iliishia hapo. Haikuisha, kwa sababu kitabu bado kilikuwa kinaendelea. Dani alimeza vidonge, darasa likafungua kurasa, na mimi nilihisi vitu hivyo viwili vinashindana mbio.

Tulipofika sura ya tisa, zamu ya kusoma ilinikuta mimi. Mwalimu aliona ukurasa, akaniuliza kama ampe mwingine. Nikakataa. Niliona heri kifo hicho kipite mdomoni mwangu, nikichunge. Shangazi alikufa kwa mistari michache tu, taa ikazimika, sura ikaisha. Kengele ilipolia sikungoja mtu. Nilikimbia kutoka shule, nikakata katikati ya 56, kina mama wa saluni wakinipigia kelele, nikateremka mpaka Kongo.

Jiko lilikuwa baridi. Stuli ilikuwa imelala ubavu, na beseni la samaki limefunikwa gunia, nzi juu yake. Mlango wetu ulikuwa na kufuli. Nilishika lile kufuli nikamwita dani, kisha nikakaa chini kwenye matope na sare ya shule.

Kisha nikamsikia. Alikuwa kwenye mfereji wa ploti anamfokea keateka, mwangalizi wa ploti, kwamba maji yamefungwa tangu asubuhi na yeye hawezi kuosha samaki kwa mate. Alinikuta nalia akauliza nani amenipiga. Nikamwambia shangazi amekufa. Dani akasonya. "Si nilisema? Mtu hasikii, utamfanyia nini." Akanipa mtungi, akaniambia niwashe jiko haraka, wateja wako njiani.

Dani alipona. Nilimaliza shule, nikapata kazi, nikahama mtaa, naye akarudi kwao ziwani akafuga kuku. Mwalimu sijui aliko siku hizi. Ploti ile imekuwa gorofa, na pale palipokuwa na jiko wamejenga ukuta wa mawe. Ukipita hapo huwezi kujua watu walisimama wakanyonya mifupa na kucheka.

Dani alifariki miaka mingi baadaye, asubuhi moja, akiwa ameketi juani nje anachambua omena, wale dagaa wa ziwani. Hakukohoa. Hakuna taa iliyozimika. Tulikuwa tumeongea kwa simu siku chache kabla, na nimeyarudia mazungumzo yale mara nyingi sana nikitafuta ishara, neno moja tu ambalo ningepaswa kulishika. Halipo. Aliniuliza bei ya mafuta ya kupikia Nairobi, nikamwambia imepanda, akasema hata huku, nikamwambia nitampigia baadaye, niko na watu.

Nilikuwa nimeacha kumsikiliza, unaona. Si kwa ubaya, ni vile mtu mzima huacha. Mwaka ule wa kidato cha pili niliijua kila pumzi ya dani, nilijua amegeukia upande gani, amekunywa chai au ameiacha, kwa sababu niliogopa atakufa. Alipopona hofu ikaniondokea, nami nikamshukuru Mungu na kulala usingizi. Siku hizi nalala vizuri tu. Ningekubali kuogopa vile tena, kila usiku, mradi niwe na dani wa kuogopea.