Sikio Kwenye Kifua cha Mtoto

Wauguzi walimwita Mama Usingizi, naye akawajibu: "Afadhali mimi nalaza watu kwa kazi. Nyie mnalala kazini." Aliwalaza wagonjwa wa upasuaji kwa mvuke wa dawa, na hospitali nzima haikuwa na mwingine. Barua yake ya kuomba uhamisho ilikuwa na mwaka wa tatu mezani kwa mganga mkuu.

Asubuhi ile aliletewa binti wa miezi minane, mwenye ngiri. Mkono mmoja ulishika barakoa usoni mwa mtoto, wa pili kifuko cha hewa, na sikioni alichomeka mpira mwembamba ambao mwisho wake ulibandikwa kifuani pa mtoto. Pua ikimwasha, imwashe. Mkono wa kujikuna hana.

"Mama, mguu unacheza," alisema daktari mpasuaji, kijana wa haraka haraka. "Huyu hajalala. Ongeza."

Neno "hajalala" huwauma watu wa kazi hii kama tusi. Akaongeza, tena zaidi ya ilivyohitajika.

Mguu ukatulia. Lakini sikioni, moyo uliokuwa ukikimbia ukaanza kutembea. Mvuke humlegeza mtoto pamoja na moyo na mishipa yake. Na moyo mchanga hauna ujanja wa kusukuma damu nyingi kwa pigo moja: mapigo yakipungua, damu nayo imepungua, basi.

Mia na thelathini. Mia. Themanini.

Akapunguza mvuke, akafungulia oksijeni. "Sindano ya moyo, choma!" alimwambia muuguzi. "Dokta, simama."

"Nimeshika ngiri, mama. Nasimamaje?"

"Hivyo hivyo ulivyoishika."

"Ukipunguza, ataamka mikononi mwangu!"

"Nisipopunguza, hataamka kabisa. Mchome ganzi hapo kwenye kidonda. Wewe uzuie maumivu huko, mimi nibaki na mvuke kidogo huku."

"Ganzi itavimbisha nyama. Nitashonaje?"

"Polepole. Wewe una haraka, mimi nina mapigo sabini."

Daktari akachoma ganzi. Chumba kizima kikakodoa macho kwenye sikio la mama mmoja.

Sabini. Sabini bado. Themanini na tano. Mia na kumi.

"Shona," alisema.

Daktari akashona polepole, kanuna. Mama Usingizi hakujitikisa, shingo imemkauka kama gogo, hadi binti alipofumbua macho na kulia kwa hasira. Ndipo akachomoa mpira.

Muuguzi mwingine akachungulia mlangoni. "Mama, wa pili tumlete?"

Akajikuna pua kwanza.

"Mleteni."