Bango la Mama Mpiga Mieleka

Juma hili nilikuwa kwa fundi wa fremu kule Kampemba, binti yangu mgongoni. Mbele yangu alikuwa mama mwenye mvi, pamoja na kaka yake. Mama alikunjua bango la zamani la mieleka: ni yeye mwenyewe, kijana, amemnyanyua mwenzake juu ya kichwa. Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake.

"Yaya, dada yangu, weka hii ku chumba," kaka alisema. "Bakwe batakimbia."

"Itakaa ku salon, pa kupokea bageni, mbele ya macho yabo. Mwanaume wa kukimbia karatasi, ataweza kukaa na mutoto wangu?"

Bango lilibaki hilo moja tu, na kioo ni ghali. Fundi akatoa kipande cha pleksi, plastiki angavu iliyozuia mate kwenye kaunta za ofisi wakati wa korona. Akaweka vijiti vyembamba pembeni, ili karatasi isigande kwenye plastiki siku za mvua.

"Mama, hii haiwezi kupasuka."

"Hata bakwe bakipiga ngumi?" kaka aliuliza.

"Nitabanyanyua," mama akajibu.

Fundi hakucheka. Alifuta pleksi kwa shati lake, hasa pale penye uso wa mama, mpaka ukang'aa.

Siku ya wageni sisi wamama tunatandika vitambaa vizuri sebuleni, kisha tunaambiwa nguvu zetu tuzifiche chumbani. Mimi nimekataa. Wakwe wangu wakija siku moja kumposa huyu wa mgongoni, watanikuta kama nilivyo, na binti yangu ataketi mbele, si nyuma ya mlango.