Ulimi wa Mnyasa Kwenye Meza ya Kahawa

Siku yangu ya kwanza kazini nilifokewa kwa kunywa kahawa. Nilikuwa nimepanda kutoka Lituhi jana yake, nimevaa viatu vya mjomba vilivyonibana, nikiwa na barua ya kuajiriwa katika kiwanda cha kukoboa kahawa, Mbinga mjini. Mkuu wa Maabara alinipa kijiko, akanisimamisha mbele ya meza ya duara yenye vikombe kumi, akasema, "Onja." Nikainua kikombe cha kwanza, nikakinywa chote, nikasema ahsante.

Alinitazama kama mtu aliyeagiza ng'ombe akaletewa kuku. "Kijana, hapa hukuja kunywa. Umekuja kuhukumu. Vuta kwa kijiko, sikiliza ulimi, tema."

Ninyi vijana mnaoona siku hizi kahawa ikipigwa picha kwenye simu, ngoja niwaeleze kazi yenyewe. Mkulima alileta kahawa ya maganda, yaani punje zilizokwisha kumenywa, kuoshwa na kukaushwa, lakini bado zimevaa ngozi yake nyembamba. Tulichukua sampuli kutoka kila mzigo, tukaikoboa, tukaikaanga kidogo, tukaisaga na kuimiminia maji ya moto. Unga ulipanda juu ukafanya utando. Ukiuvunja ule utando kwa kijiko, pua ikiwa karibu kabisa, harufu inakuja yote kwa mara moja, na hapo ndipo unapojua mengi. Kisha unavuta kahawa kwa nguvu ili isambae mdomoni. Sauti yake ni ile ambayo mama yangu alikuwa akiniadhibia nikinywa uji. Mimi nililipwa mshahara kwa kuitoa, na niliitoa vizuri kuliko wote.

Tulipima uchachu, tukapima uzito wa kahawa mdomoni, tukatafuta kasoro: moshi, ukungu, udongo. Mwonjaji hakuruhusiwa sigara, pilipili wala vitunguu vibichi siku za kazi. Nilizishika sheria zote na kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nakaa upande wa pili wa meza, nikitia sahihi fomu zangu mwenyewe. Sitajifanya mnyenyekevu: nilikuwa hodari, na nilijua.

Ndipo ukaja mzigo wa Mama Ndunguru.

Nilivunja utando, nikavuta, nikatema, nikaandika maksi za juu kuliko zote za wiki ile. Mkuu alikuwa na desturi ya kuonja upya mizigo iliyopata maksi za juu. Akaonja huo. Akaonja tena. Akaniita.

"Hii umeipenda?"

"Sana, Mzee."

"Umependa nini ndani yake?"

Nikafikiri kidogo, nikasema kweli. "Sijui, Mzee. Imenikumbusha nyumbani."

Akakipiga kijiko mezani. "Imekukumbusha nyumbani kwa sababu ina usipa ndani!"

Kwa wasiojua, usipa ni wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa, ambao kwetu huanikwa ufukoni mpaka wakakauka. Mtoto wa Lituhi huanza kuula kabla hajaota meno yote. Mmatengo yeyote pale kiwandani, yaani mwenyeji wa milima ile, hata mlinzi, angeunusa usipa ndani ya kahawa akiwa mlangoni. Mimi peke yangu, mwonjaji, niliuona kuwa utamu. Watani zangu walicheka mpaka wakashika kuta. Mkuu hakucheka.

"Miezi mitatu," alisema. "Usiuguse usipa. Pua yako isahau. Baada ya hapo nitakupangia vikombe, na ukishindwa kuutambua, utakwenda ghalani kushona magunia. Na kesho panda pikipiki ukamwone huyo mama. Uniambie samaki ameingiaje kwenye kahawa."

Niliogopa, sifichi. Ghalani wasingeninyima chakula, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea kuwa mtu ambaye watu humwuliza, "Hii ikoje?"

Nilimkuta Mama Ndunguru shambani, ameinama kwenye ngoro, yale mashimo ambayo Wamatengo huyachimba milimani ili mvua isiondoke na udongo wao. Nikamwamkia, nikamweleza. Akaweka jembe chini, akashika kiuno.

"Gunia!" alisema. "Lile gunia la mkwe!"

Binti yake alikuwa ameolewa Lipingo, kule ziwani, na kila mwaka wakwe walimletea usipa mkavu. Desturi ni kwamba gunia la mkwe halitupwi, wala halirudi tupu. Huwa analirudisha na maharage. Mwaka ule walimletea mawili. Moja akalirudisha limejaa, na la pili, maharage yalipopungua, akaona atunzie kahawa humo kwanza.

"Lakini nililifua mara tatu, mwanangu. Mara tatu, na jivu! Ningelitupa, wangesema nimewadharau."

Nilimwambia sina lawama, nami nilikuwa nimeusifu mzigo wenyewe. Akacheka sana. Kisha akauliza, "Haya, wewe unayeonja. Kahawa yangu, ukiacha huo usipa, ikoje?"

"Uchachu wake ni wa kati," nikaanza, "uzito mzuri, na mwishoni mwake..."

"Sikukuuliza vipimo. Nimekuuliza kama ni tamu."

"Sijui, Mama."

"Hujui?"

"Sisi huwa tunatema."

Akanitazama kwa huruma. "Mimi nimelima tangu nimeletwa hapa bibi harusi, na sijawahi kuinywa. Wewe unaitia mdomoni kila siku, unaitema. Sasa hii kahawa nani anaifaidi?"

Basi tukachukua konzi mbili za kahawa iliyobaki kichanjani, ambayo haikuwa imeingia gunia lolote. Tukaitwanga ili maganda yatoke, akaipepeta kwa ungo, nikaikaanga kwenye kikaango chake cha karanga, tukaitwanga tena na kuichemsha. Funda la kwanza lilimkunja uso. "Kali kama dawa ya minyoo!" La pili alilishika mdomoni. La tatu akakaa kitako kwenye kigoda, akitazama migomba yake.

"Kumbe," alisema, "miaka yote hii nimekuwa nikiwapa watu kitu kizuri."

Nami nilikuwa nimemeza. Kilikuwa kikombe changu cha kwanza tangu nilipofokewa, na nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Tangu hapo Jumamosi zangu zilibadilika. Nilikuwa naazima pikipiki ya kiwanda, natia mafuta kwa fedha yangu, napanda kijiji hiki na kile. Kila nyumba niliyofika nilikaanga kahawa yao wenyewe, tukainywa pamoja, wakaniambia inawakumbusha nini. Fomu zetu za maabara zilikuwa na maneno yaliyotoka mbali: yasmini, zabibu kavu, vitu ambavyo sikuwahi kuvionja. Nikanunua daftari, nikaanza kuandika maneno yetu. Masuku, yale matunda ya porini, yaliyoiva mpaka yakaanguka yenyewe. Ulezi unaokaangwa. Muwa uliokatwa karibu na mzizi. Wazee walibishana nami kuhusu masuku kama watu wanaogombea mpaka wa shamba. Sikuwahi kufurahia kazi namna ile, na haikuwa hata kazi.

Lakini usipa sikuugusa. Mama yangu alikuja kunitembelea, amebeba kapu zima la usipa kutoka Lituhi, amelikumbatia njia nzima ndani ya gari. Nilimshukuru, kisha nikalipeleka kwa jirani. Alikaa kitandani kwangu akanitazama.

"Siku hizi usipa unakunukia vibaya, baba?"

Nilimweleza habari za Mkuu, za pua na mtihani. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Haya. Lakini huyo bwana wako amwombe Mungu asije akasahau yeye mwenyewe kwao." Kesho yake aliondoka mapema. Iliniuma sana, na hata sasa nikiisimulia inaniuma.

Miezi mitatu ikatimia. Mkuu alipanga vikombe kumi, akasimama nyuma yangu mikono mgongoni. Katika kimoja alikuwa ametia kahawa ya punje zilizolala na usipa usiku mmoja tu. Nilipita duru ya kwanza nikitafuta samaki, nikaambulia patupu. Vikombe vyote vilikuwa kahawa. Duru ya pili niliacha kutafuta. Nikajiuliza tu, kama ningekuwa nimekaa uani kwa Mama Ndunguru, kipi ningekimaliza na kipi ningekiacha?

"Cha saba," nikasema. "Hiki nisingekimaliza."

"Kina nini?"

Nikavuta tena. "Usipa, Mzee. Umepita karibu tu, lakini umepita."

Akanipa mkono. "Sasa wewe ni mwonjaji. Na kuanzia leo usipa umeuaga. Mimi samaki nimemwacha tangu nilipoanza kazi hii, na sikufa."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo bado najisifia. "Mzee, hapana. Jumamosi nitakula usipa kwa mama. Jumatatu nitaonja. Nimeujua sasa, hauwezi kujificha. Siku nitakapokosea, nipeleke ghalani bila barua."

"Unaiweka kazi yako rehani kwa sababu ya dagaa?"

"Siyo dagaa, Mzee. Usipa."

Akaondoka bila kusema ndiyo wala hapana. Jumamosi ile nilikuwa Lituhi, na mama aliniwekea bakuli mbele, akageuka upande ili nisimwone uso.

Miaka iliyofuata nilitumwa Mbeya, nikatumwa Moshi kuonja kabla ya mnada, nikarudi Mbinga kukalia kiti cha Mkuu alipostaafu. Mameneja walikuja na kwenda, mmoja akitaka haraka, mwingine akitaka fomu nakala nne. Magunia ya ghalani sikuyashona. Vijana niliowafundisha niliwafundisha kutema, maana bila kutema hutafika kikombe cha ishirini, lakini kila Ijumaa mchana tulikaanga mzigo bora wa wiki na kuumeza. Meneja mmoja aliuliza kifungu gani cha taratibu kinaruhusu hilo. Nikamkaribisha kikombe, na Ijumaa iliyofuata alikuja kabla yetu.

Nami nimestaafu. Ninakaa Lituhi, ninaandika daftari langu vizuri, ni la tatu sasa, na ninatembea vijijini kuwauliza watu vitu vina ladha gani. Wengine husema nimekosa shughuli. Nawaambia ndiyo kwanza nimeipata.

Mwezi uliopita Mkuu alikuja kunitembelea. Mzee sana, anatembea na mkongojo. Aliniambia kwamba maisha yake yote ameishi Mbinga na hajawahi kushuka ziwani, akiilinda pua. Alisimama ufukoni mchana, akayatazama maji kama aliyesahau alichofuata, kisha akasema ana njaa. Mke wangu akaleta ugali na usipa wa kuchemsha kwa nyanya.

Alichukua mmoja kwa ncha za vidole. Akamtia mdomoni, akafumba macho, akatafuna polepole, kitaalamu. Nikasubiri. Macho alipoyafumbua yalikuwa na machozi.

"Osmund," alisema, "sijui niseme nini. Sina cha kumlinganisha naye. Sijui hata nimpe maksi ngapi."

"Usimpe maksi, Mzee," nikamwambia. "Kula."