Dirisha la Mkono wa Kushoto

Nyumba yetu ya Msambweni tuliijenga mwaka wa pili baada ya uhuru, na mpaka leo nikiikumbuka huona uchovu. Si uchovu wa kubeba mawe. Ni wa maneno ya watu.

Mume wangu alikuwa fundi wa baiskeli. Alipata kiwanja kando ya barabara ya kwenda Ukunda, akaleta mwashi, ikainuka nyumba ya mawe na chokaa, mlango katikati na vyumba viwili vya mbele. Chumba cha mkono wa kulia kilikuwa chetu, na dirisha lake lilitazama barabara. Cha mkono wa kushoto kilikuwa cha mama mkwe. Yeye alisema hataki wapita njia wamtazame akiwa juu ya mswala wake, basi dirisha lake likatobolewa ubavuni, upande wa migomba. Mimi sikuona kasoro yoyote.

Kasoro waliiona wengine. Siku tuliyomaliza kupaka chokaa, mwanamke wa kwanza kupita alitua mzigo wake wa kuni, akaitazama nyumba, akainamisha kichwa upande mmoja kama mtu aliyeingiwa na maji sikioni. Alinisalimu vizuri, akanipongeza, kisha akauliza mwashi atarudi lini kumalizia. Nikamwambia amekwisha kumaliza. Akasema alhamdulillahi, lakini alipokuwa akienda zake aligeuka nyuma mara mbili.

Wiki haikuisha, nyumba ikawa na jina. Waliiita nyumba ya chongo. Mwenye baiskeli iliyoharibika alielekezwa nyumba ya chongo. Wanangu wakawa watoto wa kwa chongo, na mume wangu, mwenye macho yake mawili mazima, akawa Bwana Chongo. Nilichoka kueleza. Kila aliyeketi barazani nilimsimulia habari ya mswala na migomba, naye aliitikia kwa kichwa, akanielewa kabisa, na macho yake yakarudi palepale kwenye ukuta mtupu. Hata bibi mmoja jirani, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia hata hawezi kutunga uzi kwenye sindano, alisimama uani kwangu akauliza hapa pamepungua nini.

Likizo ile akaja shemeji yangu, ndugu yake mume wangu, aliyekuwa akisomea ualimu. Nilidhani atanisaidia kuwanyamazisha watu. Badala yake alifurahi. Alichukua karatasi mbili, akadondosha wino juu ya kila moja. Moja akaikunja katikati, akaibana, akaikunjua, na ya pili akaiacha vilevile. Kisha akakaa barazani akawaonyesha wageni wangu mmoja mmoja. Ile iliyokunjwa, mmoja alisema ni kipepeo, mwingine akasema ni kichwa cha ng'ombe, na mwingine akaona uso wa mtu akaogopa. Ile ya pili wote walisema ni wino umemwagika.

Shemeji alinieleza kwamba akili ya mtu imezoea vitu vyenye pande mbili zinazolingana, kwa kuwa viumbe vingi ndivyo vilivyo, na uso wa mama ndio kitu anachokitazama mtoto mchanga kabla ya vyote. Akili ikiona upande mmoja, humtafuta mwenzake kabla mwenyewe hajajua kwamba anatafuta. Isipompata haitulii.

Nilimuuliza dawa yake ni nini. Akasema hilo bado hawajafundishwa.

Laiti angenyamaza. Mume wangu aliyasikia maneno yale, na tangu siku hiyo hakuwa na jingine. Akirudi kazini, kabla hajawaitika watoto, alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, akiitazama nyumba yake. Paa la jiko langu lilikuwa likivuja. Mlango wa jiko haukuwepo, na kuku wa watu waliingia wakatoka watakavyo. Nikimwambia, ananiambia subiri. Alimwendea mama yake mara moja tu, akamwomba ruhusa ya kutoboa dirisha la mbele. Mama mkwe akajibu, "Nilishasema," na mume wangu hakurudia kumwomba.

Akaenda kwa seremala. Mbao zilizonunuliwa kwa ajili ya mlango wa jiko zikageuka dirisha. Au tuseme mfano wa dirisha, kwa sababu zilipigiliwa juu ya ukuta mzima usio na tundu, zikatiwa bawaba za kweli, zikapakwa rangi ya kijani kama za upande wa pili. Mimi ndiye niliyeshika misumari. Nilimwambia wazi kwamba huu ni upuuzi. Kisha nikavuka barabara kwenda kutazama, na hapo ndipo nilipoudhika zaidi, maana nilitulia. Nilijua vizuri nyuma ya mbao zile kuna jiwe tu, na bado kifua changu kilishuka kama cha mtu aliyetua ndoo.

Watu nao wakatulia. Jina la chongo likafa lenyewe.

Ulipofika msimu wa joto, mama mkwe akashikwa na homa. Wanawake wakaja kumjulia hali, chumba kikajaa, dirisha la migombani halikuleta hata pumzi. Ami yake mume wangu, mtu wa miraba minne aliyekuwa ametoka Galu asubuhi ile, aliketi barazani akasikia mgonjwa akilalamika joto. Akainuka amfungulie dirisha la mbele. Alivuta kidogo, likakataa. Akadhani rangi imeligandisha, akashika kwa mikono miwili akavuta kwa nguvu zake zote. Zilitoka mbao, bawaba, na kipande cha ukuta kikubwa kama sinia.

Nilitoka jikoni mbio. Ami amesimama na dirisha mikononi, hajui aliweke wapi. Ndani mama mkwe alikuwa akiuliza, kwa sauti ndogo ya homa, kama tumeanza kubomoa nyumba yeye angali hai.

Mume wangu alipofika aliingia akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, tulitaka upande huu ufanane na wa pili tu," alisema. "Wewe ulikataa dirisha."

"Nilikataa kutazamwa," mama mkwe akamjibu. "Pazia mliniletea nikalikataa?"

Sandukuni nilikuwa na leso za kutosha kutengeneza pazia kumi.

Mwashi aliitwa, akatoboa. Nilitundika leso, upepo ukaingia, mama mkwe akalala vizuri mara ya kwanza baada ya siku nne. Jioni mume wangu alirudi, na hakuwa hata ameshuka kwenye baiskeli yake alipoona kwamba dirisha jipya limekaa chini kuliko lile la chumba chetu kwa vidole vinne. Akamwambia mwashi aliyekuwa akiosha vyombo vyake kwamba kesho waanze tena.

"Mkiugusa ukuta huu," nikasema, "mimi nakwenda kwetu na watoto wangu."

Mwashi alikusanya vyombo akaondoka. Mume wangu alikubali, ila tangu siku ile akawa anapita nyuma ya nyumba, akiingia kwa mlango wa uani, ili asiuone ule upande wa mbele.